Jiwe na Mtu katika Mahame ya Japani

Kila ukuta hujengwa kwa ajili ya kitu kisichokuwa ukuta. Hakuna mtu mwenye akili timamu apangaye jiwe juu ya jiwe ili jiwe lipate raha. Nyuma ya ukuta huwa pana mtu, au mali ya mtu, au hofu ya mtu. Kwa sababu hiyo ukuta unaobaki baada ya kwisha kile ulichokilinda hufikirisha sana: bawabu yupo mlangoni, mwenye nyumba hayupo. Hapo swali la kale hurudi na kudai jawabu. Je, jiwe ni kwa ajili ya mtu, au mtu ni kwa ajili ya jiwe? Ulimi hujibu upesi kwamba jiwe ni kwa ajili ya mtu. Walakini matendo ya wenye enzi, katika nchi nyingi na zama nyingi, yametoa jawabu la pili.

Japani ni mahali pafaapo kulipimia swali hili, maana huko jiwe na mti viligawana kazi, kisha wakati ukavitenga. Minara, malango na maghala ya ngome za Kijapani yalijengwa kwa mbao, udongo na chokaa. Chini ya majengo hayo palikuwa na kuta za mawe zilizoushika mlima usiporomoke au zilizoinuka kutoka katika handaki la maji. Moto, vita, radi na amri za serikali viliondoa mbao, mawe yakabaki. Ngome zilizopata kujengwa katika nchi hiyo zilikuwa maelfu, lakini minara mikuu ya asili inayosimama hata leo ni 12 tu. Kwingineko msafiri hukuta kuta zisizobeba kitu. Mahame ya Takeda, katika mkoa wa Hyogo, yamekaa juu ya kilele chenye kimo cha mita 350 na kidogo, na asubuhi za majira ya vuli ukungu hulifunika bonde hata mawe yakaonekana kama kisiwa baharini. Bwana wake wa mwisho aliamriwa kujiua mwaka 1600, na ngome ikaachwa. Watu huenda huko kutazama uzuri, na uzuri upo. Lakini jicho likishiba, fikira huwa bado ina njaa, nayo huuliza: kuta hizi zilimtumikia nani, na nani alizitumikia?

Haifai kuhukumu kazi kabla ya kuijua. Ukuta wa ngome ya Kijapani kwa kawaida haukuunganishwa kwa chokaa. Waashi, na mashuhuri zaidi kati yao walikuwa watu wa Ano, karibu na ziwa la Biwa, walijua kulisoma jiwe la mlimani kabla ya kuligusa kwa nyundo. Jiwe la mbele lilikuwa na mkia mrefu ulioingia ndani, ili sehemu ionekanayo iwe ndogo kuliko sehemu isiyoonekana. Katika pembe mawe marefu yalipangwa kwa zamu, moja likielekea upande huu na la pili upande ule, yakashikana kama vidole vya mikono miwili. Uso wa ukuta ulilazwa nyuma kidogo, na katika ngome nyingi ukapindwa taratibu kuanzia chini hata juu, mfano wa upepeo uliofunguliwa. Nyuma ya mawe makubwa yalishindiliwa mawe madogo, tele, yasiyokuwa na sura wala sifa.

Mawe hayo madogo ndiyo siri ya ukuta. Mvua inyeshapo maji hupenya kati yake yakashuka na kutoka, na mzigo wa kilima hautui mahali pamoja. Yakizibwa na matope maji hukosa njia, na baada ya miaka uso wa ukuta hufura. Kwa Kijapani ufurifu huo huitwa kwa neno lenye asili ya mimba, na ukuta wenye mimba mwisho wake ni kupasuka. Basi kinachousimamisha ukuta ni kitu asichokitazama mpita njia, na nguvu yake ni kuachia kama ilivyo kuzuia. Mtawala aliyejenga ngome alikuwa na funzo la utawala mbele ya macho yake kila siku. Ni wachache waliolisoma.

Wa kwanza kuombwa mchango wa mawe walikuwa wafu. Oda Nobunaga, jemadari aliyetaka kuiweka Japani yote chini ya upanga mmoja, alianza kuijenga ngome ya Azuchi, kando ya ziwa la Biwa, mwaka 1576, na mnara wake ukakamilika mwaka 1579. Kazi ilikuwa ya haraka, na mawe yalitakiwa mengi. Leo apandaye ngazi pana za mahame hayo huona kwamba baadhi ya vidato vyake ni sanamu za Budha zilizolazwa. Mawe yaliyochongwa ili yasujudiwe yaligeuzwa yakanyagwe. Huko Fukuchiyama, katika ngome ya Akechi Mitsuhide, aliyekuwa mmoja wa majemadari wa Nobunaga, mna mawe mengi ya makaburi ndani ya ukuta. Na katika ngome ya Koriyama, mkoani Nara, sanamu ya Jizo, ambaye Wajapani humheshimu kama mlinzi wa watoto na wasafiri, imepachikwa kichwa chini ndani ya ukuta, nayo huonekana bado katika mwanya kati ya mawe.

Wako wasemao kwamba hiyo ilikuwa dharura tu, kwa kuwa mawe yalikuwa adimu na adui hakungoja. Wako pia wasemao kwamba wajenzi walitumaini baraka ya sanamu ingeulinda ukuta. Yamkini kila kauli ina ukweli wake. Hata hivyo dharura haiondoi wajibu wa kuuliza ni nani aliyelipia. Mwenye kaburi hana ulimi. Mzigo wa kwanza wa ngome uliwekwa juu ya wale wasioweza kusema la, na desturi hiyo haikuishia kwa wafu.

Mwaka 1582 Mitsuhide alimwasi Nobunaga, akamzingira katika hekalu la Honnoji mjini Kyoto, na Nobunaga akafa humo. Siku chache baadaye Mitsuhide mwenyewe akashindwa vitani akafa, na mnara wa Azuchi ukateketea kwa moto. Ulikuwa umesimama miaka mitatu. Hakuna haja ya kuamini laana ya makaburi ili kuona maana ya jambo hili. Sanamu na makaburi vilinyang'anywa mawe ili wakubwa wawili wawe salama, na hatari iliyowamaliza haikupita ukutani. Ilikuwa ni hatari ya kukosa uaminifu kati ya mtu na mtu. Kuta za Azuchi hazikushindwa na adui; hazikuulizwa neno.

Baada ya wafu ikaja zamu ya walio hai. Ngome ya Osaka, iliyoanzishwa na Toyotomi Hideyoshi mwaka 1583, ilianguka mwaka 1615 mikononi mwa nyumba ya Tokugawa. Washindi hawakuridhika kuimiliki. Waliifukia kuta zake chini ya udongo, na kuanzia mwaka 1620 wakajenga juu yake kuta nyingine zilizo kubwa zaidi, kwa jasho la majimbo ya mabwana zaidi ya 60. Jiwe kubwa kuliko yote katika ngome hiyo lina uso wa mita za mraba zipatazo 60, na uzito wake hukadiriwa kupita tani 100. Lilivushwa bahari na kukokotwa kwa kamba na mikono ya watu hata likafika langoni. Juu ya mawe mengi ya Osaka zimechongwa alama za mabwana walioyatoa, ili ijulikane ni nani aliyetimiza sehemu yake. Alama za mabwana zipo. Majina ya wavutaji kamba hayapo. Katika kisiwa cha Shodoshima yamebaki mawe yaliyokatwa kwa ajili ya ngome hiyo yasichukuliwe, na Wajapani huyaita mawe ya masikitiko. Jiwe lililokosa kufika Osaka limepewa jina la kulihurumia. Mtu aliyevunjika mgongo akilikata hakupewa jina lolote. Mnara uliosimamishwa juu ya kazi hiyo kubwa ulipigwa na radi mwaka 1665 ukaungua.

Mwaka ule ule wa 1615 Tokugawa walitoa amri kwamba kila jimbo libaki na ngome moja tu, na nyingine zivunjwe; na sheria ikawekwa kwamba ukuta usitengenezwe bila ya ruhusa. Waswahili husema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Fukushima Masanori, bwana wa Hiroshima, aliziba ufa, akapoteza jimbo. Mafuriko yaliharibu ngome yake, akaitengeneza pasipo idhini iliyotakiwa, na mwaka 1619 akanyang'anywa nchi yake. Hapo jiwe limekwisha kuwa kitu cha ajabu: limejengwa kwa hofu, na sasa kulitengeneza ni kosa la kuogopwa. Amani iliyopatikana ilikuwa amani kweli, tena ndefu, wala si haki kuibeza. Lakini ni amani iliyokuwa ikihesabu mawe.

Mfano ulio mchungu kuliko yote uko katika rasi ya Shimabara, kusini magharibi ya Japani. Matsukura Shigemasa alipopewa jimbo hilo alianza, mwaka 1618, kujenga ngome kubwa kupita kiasi cha pato la nchi yake. Ngome ilitaka fedha, fedha ilitoka katika mpunga, na mpunga ulitoka katika mikono ya wakulima. Yeye na baada yake mwanawe Katsuie waliwakamua watu kwa kodi na kwa mateso, na Wakristo wa huko waliteswa juu ya mateso ya kodi. Hakuna mlango uliowekwa wa kutolea malalamiko. Maji yakakosa njia, ukuta ukashika mimba. Mwisho wa mwaka 1637 wakulima wa Shimabara na wa visiwa vya Amakusa waliasi, wakiongozwa na kijana aitwaye Amakusa Shiro. Wakakimbilia Hara, ngome ya kale iliyokuwa imeachwa, wakajifungia humo, wanaume kwa wanawake na watoto, jumla yao ikikadiriwa kuwa watu 37,000. Serikali ilipeleka jeshi la watu zaidi ya 100,000. Mwezi wa Aprili mwaka 1638 Hara ilianguka, na karibu wote waliokuwamo wakauawa. Kisha washindi wakaziangusha kuta juu ya maiti, ili mahali hapo pasifae tena kukimbiliwa na mtu. Wachimbaji wa siku hizi wameikuta mifupa chini ya mawe, na pamoja nayo misalaba midogo iliyoundwa kwa risasi. Katsuie naye hakupona: serikali ilimhukumu kwa kuitawala vibaya nchi yake, akakatwa kichwa mwaka uo huo wa 1638.

Katika Shimabara na Hara swali la insha hii limejibiwa mara mbili kwa mawe ya nchi moja. Shimabara ni ngome iliyojengwa kwa kuwala watu, ikazaa uasi badala ya usalama. Hara ni ngome ambayo mabwana waliiona haina faida, ikawa kimbilio la wasiokuwa na pa kukimbilia. Jiwe lilikuwa ni lile lile. Kilichobadilika ni upande alikosimama mtu.

Lakini si haki kuwahesabu wenye enzi wote kuwa wamoja. Mwezi wa Machi mwaka 1657 moto ulishika mji wa Edo, ambao leo ni Tokyo, ukala kwa siku tatu. Sehemu kubwa ya mji ikawa majivu, na makadirio ya waliokufa hufika watu 100,000. Hekalu la Ekoin lilianzishwa kwa ajili ya maiti wasiotambulikana. Mnara mkuu wa ngome ya shoguni, uliokamilika mwaka 1638 na uliokuwa na kimo cha mita 58 hivi pamoja na msingi wake, uliteketea pia. Shoguni Tokugawa Ietsuna alikuwa kijana wa miaka 15. Maandalizi ya kuujenga mnara upya yalianza, na nyumba ya Maeda ikapewa kazi ya msingi. Mwaka 1658 msingi ulikuwa tayari: mawe makubwa ya itale yaliyokatwa kwa ustadi hata wembe usipate pa kupita. Kilichosalia kilikuwa mbao na amri.

Amri haikutoka. Hoshina Masayuki, baba mdogo wa shoguni na mshauri wake, alitoa shauri kwamba mnara wa kutazamia mbali haukuwa na haja tena katika zama zile, na kwamba nguvu na fedha ziende katika kuujenga mji. Shauri likakubaliwa. Mitaa ikapanuliwa, nafasi wazi zikaachwa ili moto usiruke, na watu wa mji wakasaidiwa kujenga. Mnara wa Edo haukujengwa tena. Msingi wake upo mpaka leo katika bustani ya mashariki ya kasri ya mfalme, iliyofunguliwa kwa watu wote mwaka 1968. Wageni huupanda wakakuta juu yake uwanja mtupu, na baadhi yao hushuka wakisema kwamba hawakuona kitu.

Hawakukosa cha kuona. Ni rahisi kuacha kazi ambayo haijaanza. Ni vigumu kuacha kazi iliyokwisha kuwekewa msingi, machoni pa watu wanaongoja kuona kama mkubwa ataweza kuimaliza. Fahari humwambia mtawala kwamba mahali palipokuwa na mnara pakibaki wazi patamwaibisha. Hoshina alipima aibu ya nafasi tupu na haja ya watu wasiokuwa na paa, akaona ipi nzito. Na matokeo yaliipima hoja yake baada ya yeye kufa. Nyumba ya Tokugawa ilitawala miaka 210 zaidi bila ya mnara huo. Hakuna aliyeitii kidogo zaidi kwa sababu anga juu ya ngome yake lilikuwa wazi.

Msomaji mwenye hadhari atapinga. Atasema kwamba Hoshina hakutoa sadaka kubwa, kwa kuwa vita vilikuwa vimekwisha na mnara ulikuwa pambo tu. Tena utawala ule uliosamehe mnara ni ule ule ulioiangusha Hara miaka 19 kabla. Maneno haya ni kweli, wala hayafai kufichwa. Lakini hoja ya kwanza inajijibu yenyewe. Mambo mengi ambayo watu huyatolea damu ni mapambo, na ugumu wa kuyaacha hautokani na faida yake. Hoja ya pili yafundisha kwamba tendo jema halimsafishi mtendaji kwa kila tendo lake jingine. Serikali moja yaweza kuwafukia watu chini ya kuta, kisha ikaacha ukuta kwa ajili ya watu. Mizani ya haki hupima tendo kwa tendo. Ingekuwa vinginevyo, mwenye kosa la jana asingekuwa na sababu ya kutenda wema leo.

Pingamizi la tatu ni zito zaidi, nalo limeletwa na zama hizi. Usiku wa tarehe 14 na alfajiri ya tarehe 16 Aprili mwaka 2016 ardhi ilitetemeka huko Kumamoto, katika kisiwa cha Kyushu. Watu zaidi ya 200 walipoteza maisha, pamoja na wale waliokufa baadaye kwa madhila yaliyofuata, na maelfu wakakosa makao. Ngome ya mji huo, iliyokamilishwa na Kato Kiyomasa mwaka 1607 na iliyostahimili mazingiwa ya vita mwaka 1877, ilipata pigo kubwa. Kuta zake ziliporomoka mahali pengi, na banda moja la mlinzi lilionekana limesimama juu ya safu moja tu ya mawe ya pembeni. Watu waliamua kuirudisha. Kila jiwe lililoanguka hupewa namba, hulinganishwa na picha za zamani, na kurudishwa mahali pake penyewe. Mnara mkuu ulikwisha kutengenezwa mwaka 2021. Kazi yote hutazamiwa kumalizika mwaka 2052. Je, kwa kipimo cha Hoshina, watu hawa wamekosea?

Kipimo cha Hoshina hakikuwa kwamba jiwe ni baya. Kilikuwa kwamba mtu ni wa kwanza. Mtu naye hana haja ya paa na chakula peke yake. Aliyefiwa na kupotewa na nyumba huhitaji pia kuona kwamba kilichovunjika huweza kurudi, na mji huhitaji kitu cha kuutambulisha kuwa ni mji ule ule. Ikiwa wenye nyumba wamepatiwa nyumba, na ikiwa kazi ya mawe inafanywa kwa hiari na kwa ujira, na hakuna aliyekamuliwa ili kuilipia, basi ukuta wa Kumamoto ni wa watu wake kuliko ulivyopata kuwa wakati wa bwana yeyote. Yakipungua masharti hayo, ukuta ule ule utakuwa Shimabara ya pili, japo ujengwe kwa ustadi wa kisasa. Tofauti haimo katika jiwe. Imo katika zamu: nani amehudumiwa kwanza, na nani ameambiwa angoje.

Zaidi ya hayo, namna ya kazi ya Kumamoto ina adabu ndani yake. Mwashi anayerudisha jiwe leo anajua kwamba huenda asiuone mwisho wa kazi. Analazimika kumheshimu mwashi wa miaka 400 iliyopita, ambaye jina lake halijui, kwa kulirudisha jiwe lake pale alipoliweka yeye. Nyuma ya jiwe hilo anarudisha pia mawe madogo, konzi kwa konzi, yatakayofichwa tena na yasiyopigwa picha na mgeni yeyote. Heshima ambayo mabwana wa Osaka hawakuwapa wavutaji kamba, kwa kuchonga alama zao wenyewe na kuyaacha majina ya wengine, kwa kiasi fulani inalipwa kwa mikono ya mafundi hawa. Imechelewa sana, lakini deni lililochelewa halikomi kuwa deni.

Anayezuru mahame ya Japani, basi, hana budi kuwa na macho mawili. Jicho moja na litazame ustadi, maana ustadi ni haki ya waliokuwa nao. Jicho la pili na litafute alichofanyiwa mtu: sanamu iliyo kidatoni, kaburi lililo ukutani, jiwe lililoachwa kisiwani, mifupa iliyo chini ya Hara. Tena likumbuke kuutafuta uwanja ule mtupu wa Edo, ambao hauna cha kuonyesha. Kuta nyingine zote zaeleza mtu mwenye nguvu aliweza kufanya nini. Ule msingi waeleza kwamba mtu mwenye nguvu aliweza kuacha, na kwamba fedha ya mnara ilipita chini, ikaenda kwa watu waliokuwa wakilala majivuni.